Bega la Mbuzi

Mwezi ule majirani zetu wa mtaa wa Woodley walidhani tumepata pesa. Kila Jumamosi mke wangu alirudi kutoka bucha na bega zima la mbuzi, akalichoma kwenye jiko nje ya mlango, akaliweka juu ya ubao mbele yangu na kunipa kisu. Kisha yeye na binti yetu walikaa kunitazama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Baba, umeanza kukata ama bado unaisalimia?" binti yangu aliuliza.

"Nyamaza. Natafuta kiungo."

Mkono wangu wa kulia ulikuwa unakufa. Ulianzia kwenye kidole gumba. Nilikuwa nikichora mabango ya maduka katikati ya jiji, na brashi ikawa inaniponyoka bila sababu. Baadaye nyama iliyo kando ya kidole hicho ikabonyea, pakawa na shimo. Nimepakia mchanga, nimeuza miwani barabarani, nimelala katika miji mingi isiyonijua, na tangu nilipoacha shule darasa la saba sijaona kitu kilichofungwa nisitake kukifungua nione ndani. Kwa hiyo daktari wa Parklands aliponiambia jina la ugonjwa, nilimwomba anichoree.

Akachora uti wa mgongo na nyuzi zinazotoka humo kwenda kwenye misuli. Nyuzi hizo ndizo zinazokufa, alisema, na hakuna dawa ya kuzirudisha. "Mikono, miguu, kauli, kumeza. Lakini haufuati mpangilio mmoja kwa kila mtu."

Mimi nilishika yale maneno ya kwanza tu. Kwa mtu aliyesafiri kama mimi, yalisikika kama vituo vya gari moshi, na nikajiambia bado niko kwenye kituo cha kwanza.

Mke wangu hakulia. Tulipofika nje ya lango la hospitali alinishika mkono ule mbovu, akasema, "Sasa utanioa."

Tulikuwa tukiishi pamoja tangu kabla binti yetu hajazaliwa. Mimi ni Mkamba, yeye ni Mkikuyu wa Waithaka. Mahari nilikuwa nimepeleka, lakini ile sherehe ya mwisho, ngurario, ilibaki, maana kila ilipopangwa mimi nilikuwa mahali pengine. Siku hiyo mwanamume hukata bega la mbuzi lililochomwa, mbele ya wazee wa pande zote mbili, akampa mkewe kipande, naye mke akamlisha mumewe. Hakuna anayeweza kukukatia. Bila hilo bega, machoni mwa watu wake yeye alikuwa bado msichana aliyepotelea kwangu, na binti yetu naye hangeweza kuolewa inavyofaa kabla ya mamake. Ningekufa hivyo, ningewaachia wote wawili aibu hiyo.

Ndiyo maana tulifanya mazoezi. Mwanzoni nilishindwa kabisa, kisu kikateleza juu ya mfupa hadi binti yangu akaficha vidole vyake. Lakini mfupa na mfupa ina mahali inapoachana, na ukipapata hapo huhitaji nguvu. Unaweka kisu kwenye ule ufa, unaegemeza kifua juu ya mkono, unasubiri. Nilipofaulu mara ya kwanza, mke wangu alipiga vigelegele peke yake mle chumbani. Tulikula vizuri mwezi ule, na tulicheka. Siku moja nilikohoa sana katikati ya kula. Tukalaumu pilipili.

Siku yenyewe nilivaa shati la mikono mirefu. Hatukuwa tumemwambia mtu. "Wakijua, watasema wanapea maiti mtoto wao," mke wangu alisema. Hema la sherehe kwao Waithaka lilijaa. Bega likaletwa, mjomba wake akanikabidhi kisu, na mimi nikaanza kutafuta ule ufa.

"Huyu Mkamba!" mjomba akasema kwa sauti. "Hiyo mbuzi ilikufa asubuhi, haitakutoroka!"

"Mwacheni," shangazi mmoja akajibu, "anaitafutia mlango."

Watu wakacheka. Jasho lilinitoka hadi machoni. Nikaegemea. Kiungo kikaachia, taratibu kama mlango kweli, na wanawake wakapiga vigelegele. Nilimpa mke wangu kipande chake. Akakila. Kisha akakata kingine, akaniwekea mdomoni, wapiga picha wakasogea.

Nilitafuna. Nikameza. Nyama haikwenda.

Ilikaa pale kooni, haishuki wala hairudi. Machozi yakanitoka. "Ona, analia kwa furaha!" mtu akasema. Mke wangu alinitazama mara moja tu, akajua. Akanikumbatia kwa nguvu, akitabasamu kwa ajili ya kamera, akanigonga mgongoni kwa ngumi. "Tema," akanong'ona. Akanifuta mdomo kwa kitambaa, kipande kikaingia humo, akakikunja na kukitia mkobani.

"Anampenda, huyo!" shangazi akasema.

Mwezi mzima tulifundisha mkono. Hatukuwahi kufikiria koo.

Siku hizi mkono umelala mapajani mwangu, na mke wangu anaponda kila kitu: viazi, mahindi, maharagwe, hata nyama akiipata. Anatupakulia wote kile kile, naye anajipakulia, ili mezani kwetu pasiwe na chakula cha mgonjwa.

"Lakini mama, mimi niko na meno," binti yetu analalamika.

"Yatunze. Utayatumia kwako ukiolewa."

Binti yetu anacheka, nami nacheka kwa sauti niliyobaki nayo. Kisha mke wangu ananigeukia na kijiko, ananilisha, na sote watatu tunanyamaza hadi chakula kishuke.