Maji safi yamemuua Sultani

Jamani, leo nimemuua samaki wa marehemu mke wangu Zuhura kwa usafi.

Zuhura alikuwa akimbadilishia Sultani maji ya kisima chetu hapa Takaungu, kikombe kikombe. Yana chumvichumvi, lakini samaki alinawiri.

Mimi mjuaji nikanunua mashine ya kuchuja maji. Fundi akanionya: "Mzee, haya hayana madini kabisa. Changanya na ya zamani."

Ya zamani nikayamwaga yote! Mapya yaling'aa mpaka nikajipongeza.

Adhuhuri nikamkuta Sultani anaelea kwa ubavu.

Dada yangu akachungulia: "Kaka, si ungemwachia chumvi yake?"

Nikacheka, kisha nikashindwa kuendelea.

Zuhura akigonga kioo cha tangi, Sultani alikuwa akija. Zuhura alipofariki nikawa nagonga mimi, naye akija.

Leo pia nimegonga.

Nyinyi mlioachiwa kitu na mpendwa wenu, msikisafishe sana.