Neno Kwenye Chupa

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto wala kusema na mtu, Kamanthe aliingia chumba cha nyuma akaweka sikio kwenye pipa. Papai likichachuka hunong'ona kama mtoto usingizini. Kasyoka, bintiye, alikua akimwona hivyo, ameinama na leso begani, na alijua asimsemeshe.

Divai ile ya papai ilinywewa kwenye harusi zote za Mitaboni. Kisha mnunuzi wa ng'ambo akaionja kwenye maonyesho ya kilimo, akaagiza. Kamanthe akamuuza ng'ombe wa maziwa ili apate chupa na lebo. Kuanzia siku hiyo chai ya nyumbani ikawa ya rangi, na hakuna aliyenung'unika, maana ng'ombe angerudi na ndama.

Zilizorudi ni katoni. Bandarini kule walisoma "Divai ya Papai" wakasema divai ni ya zabibu peke yake. Kamanthe hakuelewa. Kwa Kikamba kilichochachuka ni uki, uwe wa asali, wa miwa au wa papai. Nani angejua kwamba jina nalo lina mwenyewe, kama shamba lenye hati?

Jua la safarini lilikuwa limeshaigeuza divai siki. Alipokuwa akiimwaga uani, jirani yake Reuben alichungulia juu ya ua.

"Kamanthe! Kumbe Wazungu walitaka ya kuoga?"

"Niache, Reuben."

"Si ungempa padre basi, aisomee misa?"

"Padre pia anataka ya zabibu. Ya kwao hao hao."

Reuben akarudisha kichwa nyuma ya ua.

Na mjini Machakos, dukani, divai kutoka nchi ile ile iliyorudisha katoni ilijaa rafu nzima. Hiyo haikuwa imerudishwa na mtu.

Likizo ya Desemba Kasyoka alirudi kutoka chuo kikuu, ambako alikuwa amefundishwa kuwa soko huria halina mlango. Alfajiri alimkuta mama yake ameinamia pipa, sikio limegandana na plastiki. Ndani mlikuwa na mahindi makavu tu.

Akiwa mlangoni, Kasyoka akauliza swali lile moja alilokuwa amelibeba muhula mzima.

"Mwaitu, mbona hukubadilisha tu hilo neno?"

Kamanthe aliinuka, akajifuta vumbi shavuni.

"Nilibadilisha, nikatuma tena. Wakakataa chupa, eti nayo ni ya zabibu."