Mama Shiru Anataka Kupunguzwa Tumbo

Leo nimeitwa mgonjwa mbele ya chama chetu kizima cha akina mama, sahani ikiwa mkononi.

Tulikuwa mtaa wa Fedha, nyumbani kwa mwenyeji wetu wa mwezi huu. Nilikula vijiko vitatu vya pilau nikashiba. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, na wote wanajua.

Jirani yangu Mama Shiru akapaza sauti: "Huyu alikuwa anajaza mlango. Sasa ni mgonjwa, amebaki macho na meno!"

Wakacheka.

Nikaenda jikoni. Akanifuata, akafunga mlango.

"Dada, niambie ukweli. Na mimi nataka kufanyiwa."

Heh! Na mimi na huruma zangu za kijinga, nikamwambia yote. Ukila haraka utatapika. Ngozi italegea. Nywele zitakutoka, hata hizi zangu ni wigi. Lakini sasa napanda ngazi hadi gorofa ya nne bila kusimama.

"Na watu huacha kukusema?"

"Wewe umeacha?"

Akafungua mlango. Alirudi sebuleni, na mara nikamsikia: "Kumbe hata nywele si zake!"

Kicheko kilifika jikoni.

Halafu wakaniita nije nifunge mkutano kwa maombi.

Jamani, ningeomba nini?