Hekalu Tulilolitengeneza Bila Kulifunga

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mwiko wala timazi. Fundi Mkuu alinipeleka uani, akanionyesha shimo lililojaa chokaa iliyorowekwa, akanipa mti mrefu na kuniambia nikoroge. Nikakoroga mpaka adhuhuri. Nilipomuuliza tunajenga lini, alinijibu kwamba chokaa ile itakaa shimoni miezi kabla haijagusa jiwe, na kama nna haraka niende nikauze maandazi. Hakuwa akitania. Nyinyi mliozoea kufungua mfuko wa saruji asubuhi na kumaliza ukuta jioni mtaona tulikuwa tukipoteza wakati, lakini ndivyo tulivyofunzwa.

Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Ukuta wa namna hiyo unakunywa maji ya mvua na kuyatoa tena, mradi usizibwe. Dari inabebwa na boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimechomekwa ukutani. Unyevu ukikosa pa kutokea, vichwa vile vinaoza ndani kwa ndani, na wewe umekaa chini yake unakunywa chai, huna habari. Elimu yangu yote ndiyo hiyo. Nimeitumia Kizimkazi kwenye kuta za msikiti, nimeitumia Mkokotoni kwenye maghala ya karibu na soko, kisha nikarudishwa mjini na mimi nikawa Fundi Mkuu, chini ya Msimamizi wa Matengenezo. Hapo ndipo nilipopewa kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu.

Lilikuwa hekalu la Mabudha. Najua wengi wenu hamkujua kuwa wapo, na hata mimi nilikuwa nawaita Mabaniani tu, kama mji mzima. Kumbe hawa ni watu wa Silani, ndiyo Sri Lanka ya leo, ambao mababu zao walikuja kufanya kazi ya usonara. Siku hizi wamebaki nyumba chache. Hekalu lenyewe ni ukumbi mmoja wa chini wenye mikeka, na kwenye ukuta wa nyuma kuna sanamu ya Budha amekaa, imejengwa kwa mawe na chokaa pamoja na ukuta wenyewe. Kila mwezi ukipevuka wanavaa nguo nyeupe, wanakaa chini na kusoma beti zao. Hawakuwa na mtawa kisiwani. Aliyewaongoza ni Bi Soma, mama mtu mzima sana, aliyezipokea beti kwa baba yake.

Nilipokagua, roho yangu haikutulia. Ukuta wa nyuma ulikuwa umevimba. Nilichoma kichwa cha boriti kwa bisibisi, ikazama kama nimechoma muhogo uliochemshwa. Nikakwangua ukuta nikaona kisa. Kila mwaka, kabla ya mwezi mpevu wa Mei ambao ndio sikukuu yao kubwa, nyumba moja ilijitolea kuziba nyufa kwa saruji na kupaka rangi ya mafuta, ukumbi upendeze. Rangi juu ya rangi, nyeupe, manjano, buluu, na kila moja ni sadaka ya mtu. Hebu niambieni, utawaambiaje watu kuwa mapenzi yao ndiyo yaliyoozesha nyumba? Nikawaambia hivyo hivyo, sikujua njia nyengine. Bi Soma akasema taratibu kwamba kumbe walikuwa wakiuziba ukuta pumzi.

Msimamizi alitaka ukumbi ufungwe mwaka mzima. "Fundi, mimi sitaki maiti chini ya boriti," aliniambia. Na kwa kazi yetu alikuwa na haki.

Bi Soma alitusikiliza, akanigeukia mimi. "Mwanangu, sisi si wengi. Mkifunga mwaka, vijana watazoea kukaa majumbani, na mimi sijui kama mwakani ntakuwepo. Hizi beti Nilu hajazishika bado."

Nilu ni mjukuu wake, mwalimu kule chuoni Tunguu. Vitabu walikuwa navyo, lakini kitabu hakikuonyeshi wapi unavuta pumzi na wapi wenzako wanaitikia. Kwao zile beti hupokewa kwa mdomo, mle mle ukumbini, mkubwa anaanza na mdogo anafuata. Basi nikaelewa kuwa nna mambo mawili ya kuzuia yasianguke, dari na hiki kikundi cha watu, na Msimamizi alikuwa ameniuliza moja tu.

Nilimwomba anipe nafasi nifikiri, kisha nikamletea mpango. Dari tutaiegemeza kwa miti na mbao, tuikaze kwa kabari. Waumini watakaa nusu ya mbele, karibu na mlango. Ukuta tutauokota, yaani tunatoa kipande kidogo kwa upande wa uchochoroni, tunakijenga upya, tunakiacha kikauke ndipo tuguse kinachofuata. Sanamu haitoki mahali pake, tutaifunga magunia na kuishikilia kwa mbao. Na chokaa haikimbizwi. Siku za kusubiri ikauke hakuna anayegonga nyundo, kwa hiyo tutazipanga ziangukie kwenye mwezi mpevu. Msimamizi alikubali kwa sharti kwamba kila siku ya ibada nikague kabari kwa mkono wangu, na nisiondoke mpaka mtu wa mwisho ametoka.

Mafundi wangu wawili walikataa kazi hiyo kwa ajili ya dini, sikuwalazimisha wala sikuwanunia. Mimi nilijiambia nazuia boriti isiwaangukie watu, basi.

Siku za ibada nikawa nakaa mlangoni juu ya ndoo. Bi Soma anaanza, Nilu anafuata, akikosea anarudishwa mwanzo wa ubeti, hata akikunja uso. Alasiri ikiadhiniwa mimi lazima niende kuswali, na sharti la Msimamizi mnalijua. Jambo hilo Bi Soma alilimaliza mwenyewe. Adhana ikianza alinyamaza, akawaambia, "Fundi anakwenda kuswali, tokeni nje," nao wote na nguo zao nyeupe wakakaa barazani uchochoroni mpaka nimerudi. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Tulipofika kipande cha mwisho, kile cha nyuma ya sanamu, Bi Soma aliugua. Ukuta ulikuwa wazi, unasimama uchochoroni unaona mgongo wa Budha na magunia yake, siku Nilu aliponipigia simu kuwa bibi ametutoka. Walitaka kumsomea mle ndani. Msimamizi alikuja mbio, akatazama lile tundu, akazigusa kabari moja moja.

"Zitashika?" akaniuliza.

"Zitashika," nikamwambia. Akavua kofia, akabaki.

Nilu alikaa pahala pa bibi yake. Akaanza, na katikati ya ubeti sauti ikamkatika. Hakukuwa na wa kumwendeleza, kwa sababu hakuna mwengine aliyejua. Wallahi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa chini ya boriti yoyote. Halafu akarudi mwanzo wa ubeti, kama alivyokuwa akirudishwa, akausoma wote, na wenziwe wakaitikia. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Ukuta tuliumaliza baada ya masika, boriti mpya zikaingia, na muda si mrefu nikastaafu. Vijana huniuliza kazi ipi ilikuwa ngumu zaidi, wakitegemea niwatajie minara na majumba. Nawatajia huu ukumbi. Mwezi ukipevuka nikipita uchochoro ule namsikia Nilu akianza na wenziwe wakimfuata, na husimama kidogo. Ufundi ungeniruhusu kabisa kufunga, wala hakuna ambaye angenilaumu. Lakini mwaka ambao ukumbi ungefungwa ndio huo huo aliokufa Bi Soma. Tungewakabidhi ukuta mzima, dari mpya na funguo, na mle ndani asingekuwepo mtu wa kuanza.