Wanaoanza Mbio Barabara ya Sake

Shirika moja la mtaa wa Himbi liliandaa mashindano ya kukimbia, kuendesha baiskeli na kupiga kasia, likaiandikisha timu ya Mama Saumu na dada yake Jamila kuwa ya wanaoanza. Wanaoanza nini? Watu waliokwisha kukimbia volkano na waasi wa kila aina! Bunduki ya kuanzia ilipolia, wenzao walishika njia. Wao walipitia nyumbani kwanza, wakajitwisha magodoro na sufuria, kisha wakawapita wote. Pale Mugunga, penye kambi ya wakimbizi wa vita, baiskeli zilipowangoja, hawakugeuza hata shingo. Mwandalizi aliwafikia kwa gari karibu na Sake.

“Mama, kukimbia kulikuwa kunaishia Mugunga!”

Saumu akaliweka sawa godoro kichwani. “Papa, kila vita munatuambiaka vile.”