Mbabula Ndani ya Mashua

Baba yake Kalala alikohoa vumbi la mgodi mpaka akafa, ndiyo sababu nilimwambia mwanangu atafute kazi nyingine yoyote. Akapata kazi kwenye ziwa la Nzilo, kutunza mashua ya mhandisi mmoja Mzungu. Basi nikaanza kuogopa maji, kwa kuwa Kalala hajui kuogelea.

Ndani ya chumba cha mashua ile mlikuwa na mashine ya umeme iliyovuta unyevu hewani, ili mbao na magodoro visiote ukungu. Kila asubuhi Kalala alimwaga ndoo ya maji iliyokusanya. Sheria ilikuwa moja: mlango na madirisha vifungwe kabisa. Jirani yangu Ngalula alinicheka.

“Mama Kalala, mutoto yako banamulipa juu ya kukausha mashua yenye iko mu maji? Kesho ataanika samaki ingali inaogelea!”

Februari ya mwaka 1976 mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Nilipanda lori la Asani, mchuuzi wa samaki, nikampelekea Kalala unga. Nilimkuta hali wala halali. Umeme ulikuwa umekatika tangu Jumanne, mashine imenyamaza, ukungu umeanza kwenye magodoro, na mwenye mashua alikuwa anarudi kutoka likizo kesho yake.

“Patron atanifukuza, mama.”

“Kausha na makala,” nilimwambia, yaani makaa ya moto.

Ndiyo, mimi ndiye niliyesema. Nyumbani mvua ikizidi, nguo za watoto huwa nazikaushia juu ya mbabula, jiko letu la makala. Niliwasha mbabula ya Kalala mwenyewe pale ufukweni, nikangoja moshi uishe, nikampa. Akaingia nayo, akafunga mlango na madirisha yote, kama alivyofundishwa kwa ile mashine.

Mimi nikaenda kusonga bukari, ugali wetu, kwenye moto wa kuni chini ya paa la mabati. Ilipoiva nikamwita. Nikamwita tena. Nikatazama maji kwanza, nikitafuta kichwa chake. Kisha nikaona kioo cha dirisha kinatiririka jasho, na nyuma yake mkono usiosogea.

Mlango uligoma. Nilikaza mguu ukutani nikauvuta kwa nguvu zote. Joto na hewa mbaya ya makala vikanipiga, kichwa kikazunguka. Nikamshika Kalala makwapani, nikamburuta nje, mvua ikamwagika usoni pake.

“Kalala! Weye Kalala, jibu mama yako!”

Nilimzaba makofi ambayo sijawahi kumpiga hata utotoni. Mwishowe akatapika. Jicho moja likafunguka.

“Mama… funga mulango. Mvua inaingia.”

“Iingie.”

“Magodoro, mama. Patron…”

“Akufukuze!”

Nikaitupa mbabula ziwani. Kalala akaanza kutambaa arudi ndani, nami nikakaa mlangoni, miguu nimeitandaza, unyevu wote wa Nzilo ukinipita mgongoni. Hakuwa na nguvu za kunisogeza. Akalalia goti langu. Niliweka kiganja kifuani pake, na kila pumzi ilipokawia, nilimfinya mpaka akanung’unika.