Gia Niliyoing'oa kwenye Pikapu ya Kijiji

Mwanangu, siku ninayotaka kukusimulia naikumbuka kwa harufu ya mafuta ya gia mikononi mwangu. Ulikuwa wakati wa vita vya Kagera, na mimi nilikuwa kijana, fundi wa kijiji chetu cha ujamaa upande wa Murukulazo. Shule niliishia darasa la saba. Ufundi nilijifunza kwa mkandarasi wa barabara aliyepita kwetu, na alipoondoka alikiachia kijiji pikapu moja kuukuu.

Pikapu ile ilikuwa na gia za otomatiki, kitu ambacho wengi wetu hatukuwa tumekiona. Dereva hakuwa na klachi ya kukanyaga. Alisogeza mkono mdogo uliokuwa chini ya usukani, gari likaondoka. Akifika aendako aliusukuma mkono ule juu kabisa, magurudumu yakajifunga, akashuka. Dereva wetu alikuwa Mzee Gervasi, mtu wa umri wa baba yangu, mpole na mwenye utani. Handibreki ilikuwa imekatika waya tangu enzi za mkandarasi na hakuna aliyejali, kwa sababu gia ile ililishika gari hata kwenye milima yetu.

Shida yake ilikuwa moja: ilikunywa petroli mno. Vita vilipoanza petroli ilikwenda kwa wanajeshi, nasi tukawa tunapata pipa moja baada ya kungoja sana. Wagonjwa wakarudi kubebwa kwa machela, pikapu imekaa imekauka. Nikasimama mkutanoni nikasema nitaing'oa gia ile nifunge ya mkono, mafuta yapungue. Kule Nyamahanga, upande wa Biharamulo, palikuwa na pikapu ya aina hiyohiyo iliyokufa injini, kuku wanatagia ndani yake. Nilipewa ruhusa nikaifuata giaboksi yake, na klachi, na pedali, hata propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, maana yetu haikulingana.

Nilipomaliza, Mzee Gervasi alikuja kuijaribu.

"Fundi, nilikuachia gari, wewe unanipa cherehani. Miguu yote miwili kazini!"

Watu wakacheka. Akazunguka uwanja, pikapu ikarukaruka kama mbuzi, wakacheka tena. Aliposhuka akanivuta pembeni. Yeye hakuwa anacheka.

"Ile gia ya zamani ndiyo iliyokuwa inanishikia gari mlimani. Sasa linashikwa na nini?"

"Unazima ukiwa umetia gia ya kwanza, mzee. Halafu unaweka jiwe."

"Mkono wangu umezoea kusukuma juu na kushuka. Mkono wa mzee haufundishiki upesi. Nifungie handibreki kwanza."

Waya ulikuwa unapatikana Biharamulo mjini. Ningengoja siku tatu tu, mwanangu. Lakini mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesimama pale, watu walikuwa wananipa mkono, nami nilitaka gari litoke siku hiyohiyo, sifa zikiwa bado za moto. Nikamwambia kwa sauti, watu wakisikia, "Mzee, wewe ni dereva au mwanafunzi? Waya utafuata."

"Haya, mwanangu," akasema, akapanda garini.

Matumizi ya petroli yalipungua kweli. Pipa lililokuwa likitupeleka safari tatu likafika nne, nikapigiwa makofi mkutanoni. Waya sikuufuata. Kila wiki nilisema wiki ijayo.

Mwezi haukuisha. Tulikuwa tumechanga maharage ya wanajeshi, na pikapu ikaenda Kanazi kupakia. Ghala lilikuwa kwenye mteremko. Mzee Gervasi alizima gari, akashuka kusaidia kubeba, na pikapu ikaanza kurudi nyuma. Akina mama wawili walikuwa nyuma ya gari na gunia. Aliwasukuma pembeni. Yeye hakuwahi kutoka, ikambana kwenye ukuta. Alirudishwa nyumbani amefunikwa shuka.

Mwenyekiti alinituma nikaikague pikapu. Niliporudi aliniuliza mbele ya watu wote waliokaa msibani.

"Fundi, gia ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa huru, hakuna gia iliyotiwa."

"Na ulikuwa umemfundisha atie gia?"

"Nilimfundisha."

"Basi marehemu alisahau."

Nikanyamaza. Kila neno nililotamka lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Siku ya kumaliza matanga, mzee wa ukoo alisimama kama ilivyo desturi akasema mwenye neno na marehemu aliseme kabla hatujatawanyika. Mtu mmoja akataja jembe aliloazima. Mimi niliangalia kucha zangu.

Kijijini kwetu, mtu akifia kwenye kazi ya wote, shamba la mjane wake hulimwa na wote. Safari hii kamati ilikataa, ikasema marehemu alijiponza mwenyewe. Mjane wake, Mama Yustina, akalima peke yake misimu miwili, na watoto wake wakaitwa watoto wa Kusahau.

Mwisho nikamfuata shambani. Alikuwa anapalilia. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika. Nikamweleza yote, na alipalilia mstari mzima kabla ya kusimama.

"Alinieleza jioni ileile. Alisema umemkatalia."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nani angemsikiliza mjane akimsema fundi anayepigiwa makofi? Na wewe, kwa nini unaniambia mimi? Mimi sikumwita mzembe. Nenda ukaseme palepale uliponyamazia."

Mkutano uliofuata nilisimama. Nilisema kwamba marehemu aliniomba handibreki, nami nikamdhihaki. Hakuna aliyenizomea, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Mwenyekiti alinyoosha mkono akataka ufunguo wa gereji, nikampa. Msimu ule watu walikwenda kulima shamba la Mama Yustina. Nilikwenda nami. Hakunifukuza, wala hakunisemesha.

Lakini wengi waliousikia uongo hawakuwapo siku ya kweli. Wengine walikwenda vitani, wengine walihama. Mpaka leo dereva akiacha gari ovyo Kanazi utasikia, "Usisahau kama Gervasi." Nikiwapo huanza kueleza upya, na vijana hunisikiliza kwa heshima, macho yao yakiwa kwingine.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu. Kabla hujaondoa kitu kwa sababu ya ubaya wake mmoja, muulize anayekitumia kila siku ni kazi gani nyingine kinamfanyia, na akikujibu usimfanyie mzaha mbele ya watu. Ukikosea, usichague kweli zile tu zinazokuokoa. Yaseme yote, na uyaseme watu wakiwa bado wamekaa, kwa maana wakishatawanyika huwezi kuwakusanya tena.

Mungu akutunze barabarani, aitunze kazi ya mikono yako, na siku utakayokosea akusimamishe mapema kuliko alivyonisimamisha mimi. Amina.